Majibu Yangu Yalizikwa Migombani

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa mbele, na ninyi mliojificha nyuma karibu na mlango!

Nafasi hii nimeiomba muda mrefu. Wazee wa kanisa walikuwa wakiniuliza, "Mama Gwamaka, utasema nini hasa?" Nikawajibu kwamba nitasema habari za damu ya mwanamke. Wakakohoa. Mmoja akanishauri nikaseme kwenye kikundi cha akina mama, tena kwa sauti ya chini. Nimekataa! Mungu hakuona haya kukiumba kizazi, sisi ni nani tuone haya kukitaja? Kila mwanamume aliyekaa hapa alitoka humo. Basi sikilizeni wote, na anayeona aibu ainamishe kichwa, lakini masikio ayaache wazi.

Kwa wasionijua, kama wapo, mimi ni Tusekile, mzaliwa wa Ikuti. Niliondoka hapa msichana, miguu peku, nikamfuata mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia. Wenzangu waliokwenda vile waliishia kuuza pombe. Mimi mchana niliosha masufuria ya bweni la wachimbaji, na jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma yangu ya upishi na uendeshaji wa hoteli. Diploma, ndugu zangu, si cheti cha semina! Imetundikwa ukutani pale mapokezi. Anayebisha aje aione, chai nitampa. Biashara zilipofunguliwa na watu wakaambiwa ruksa, nilirudi nyumbani na mume wangu, na ile hoteli yenye vyumba vya wageni mnayoiona mkipanda kutoka stendi ya Tukuyu ni jasho langu. Sikurithi, wala sikuhongwa na mtu. Mtu akiwa na cha kujivunia ajivunie! Lakini nayasema haya ili mjue kwamba yaliyonipata hayakumpata mtu asiyejua kusoma wala asiyejua kuuliza. Kama mimi walinifanyia vile, yule mama wa Lupepo anayejua Kinyakyusa tu wamemfanyia nini?

Siku zangu zilikuwa zimekoma. Akina mama wa rika langu mnajua zinavyofanya: zinachelewa, zinaruka, halafu kimya. Kimya kile kilikaa miaka mpaka nikasahau kwamba niliwahi kufua vitambaa. Halafu asubuhi moja ya baridi, ukungu umeshuka hadi madirishani, nimesimama jikoni nakagua maandazi ya wageni, nikahisi joto likishuka mapajani. Nikaenda kujiangalia. Damu.

Nilimwambia wifi yangu. Ndugu zangu, mnajua alifanya nini? Alipiga kigelegele! "Ujana umerudi! Mwili wa Zambia huo, haukubali kuzeeka! Baba Gwamaka ajihadhari, atabeba mtoto mgongoni na mvi zake!" Habari ikazunguka. Mama mmoja wa Kawetele akaniletea maziwa mgando, eti ya kumpongeza msichana. Mwingine akasema ni damu chafu iliyobaki, mwili unajisafisha wenyewe, niiache itoke. Na mwingine, ambaye leo amekaa humu humu ndani na ananiangalia, alisema nimejenga ghorofa bila kuwaaga mababu. Ghorofa lenyewe halipo! Nina nyumba ya chini yenye mabati mekundu!

Damu ikaja, ikaenda, ikaja tena. Nikaanza kuvaa sketi nyeusi kila siku. Nikawa nikipanda ngazi za kanisa hili nasimama katikati, najifanya nasalimia watu, kumbe natafuta pumzi.

Nikaenda hospitali. Sitaitaja, aliyefanya anajijua. Daktari aliniuliza umri, akaandika, hata uso hakuinua. "Tutakusafisha," akasema. Kusafisha! Kwani mimi ni sufuria? Unasafisha nini kabla hujajua ni nini? Lakini nilikuwa dhaifu, nikalala. Nikapewa dawa ya usingizi, ukuta wa ndani wa kizazi ukakwanguliwa, nikaamka na maumivu tumboni. Nesi akanipapasa bega. "Pole mama, umeshasafishwa. Umepona, nenda kapumzike."

Nikaenda kupumzika. Damu ikakata. Hapa kanisani mkaniimbia. Nikawapikia wali. Baada ya muda si mrefu damu ikarudi, na safari hii ilirudi na mabonge.

Sasa nitamtaja mtu ambaye wengine mtanuna nikimtaja. Nuneni! Ni Bi. Zuhura, yule auzaye vitenge na viungo mlango wa pili kutoka hoteli yangu. Babu zake walitoka pwani, wakafuata biashara mpaka wakauzoea ukungu wetu. Ni Mwislamu, anaswali, anafunga. Wakati ninyi mlikuwa mkinipigia vigelegele, yeye alikuwa akitazama viganja vyangu.

"Shoga, hebu nyoosha mkono," akaniambia siku moja nikichagua mdalasini. Nikanyoosha. "Kiganja cheupe kama unga wa muhogo. Unaficha nini?"

"Siku zangu zimerudi tu, Bi. Zuhura."

"Zimerudi kutoka wapi? Siku si mgeni wa gesti yako, aondoke na arudi akijisikia! Mama yangu mdogo zilimrudia hivyo hivyo. Tukacheka, tukampikia pilau. Mwaka haukuisha, tukamzika."

Akafunga duka mchana kweupe, akavaa baibui lake, akanitangulia stendi kwenda Mbeya.

Huko Mbeya mjini kulikuwa na daktari mama aliyefungua kliniki yake mwenyewe. Kliniki za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na watu wakizisema kwamba ni maduka. Mimi pia nina duka, kwa hiyo sikuogopa. Daktari yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja, na swali lile mpaka leo linanichemsha.

"Ulipokwanguliwa, majibu ya nyama yalisemaje?"

"Nyama gani?"

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Kile kinachokwanguliwa ndani ya kizazi si takataka. Kinawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi, kinapelekwa kwa wataalamu, nao wanakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kukitazama kwa darubini. Damu inayorudi baada ya kukoma ina sababu nyingi, akasema, na nyingi si za kuua. Pengine ukuta umekonda. Pengine kumeota kinyama kidogo. Pengine ukuta umenenepa kupita kiasi. "Lakini sababu mojawapo ni kansa, mama. Hakuna daktari anayeweza kuijua kwa kukutazama usoni, na hakuna anayeweza kuikataa bila kupima nyama. Kukwanguliwa ulikokwanguliwa, nusu ya kazi yake ilikuwa ni kutafuta. Sasa walichokipata kiko wapi?"

Kiko wapi! Nikapanda gari kurudi Tukuyu. Nilishuka nikaenda moja kwa moja hospitali ile, nikamsimamia nesi yule yule aliyenipapasa bega. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia: "Mama, nyama si walichukua ndugu zako? Yule bibi mrefu aliiomba, kama wanavyoomba kondo la nyuma. Tukamfungia, tukampa."

Ndugu zangu, hapa hakuna mgeni. Sote tunajua kwamba mtoto akizaliwa, kondo lake linarudi nyumbani likazikwe migombani. Nami kondo za wanangu zimo humo humo, sina ugomvi na jambo hilo. Lakini bibi yule mrefu, shangazi ya mume wangu, alichukua nyama ya ugonjwa wangu, akaisindikiza kwa heshima zote mpaka chini ya mgomba!

Nikamkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, Shangazi. Nyama yangu iko wapi?"

"Marahaba. Iko mahali pake." Hata kisu hakukisimamisha. "Nimeizika pale bondeni, kwenye mgomba unaozaa mikungu mizito. Ulitaka niiache kwenye ndoo ya watu wasio na ukoo?"

"Ilitakiwa ikapimwe!"

"Ipimwe kwa mizani gani? Kizazi hicho kimetuletea watoto. Kinachotoka humo ni cha kwetu. Akikichukua mtu mbaya akakifunga, wajukuu hawatazaa. Wewe ulikaa Zambia, umesahau."

"Sijasahau! Kondo ni la mtoto ambaye amekwisha zaliwa, Shangazi. Kazi yake imekwisha. Nyama hii kazi yake ilikuwa haijaanza!"

Akamgeukia mume wangu, aliyekuwa ameketi pembeni akitazama juu, akihesabu boriti za nyumba. "Unasikia, mwanangu? Diploma inaongea."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Sikumlilia Mungu kwa upole siku ile, na siwezi kuwadanganya. Nilisema: Bwana, mimi siogopi kufa, lakini nakataa kufa kwa uzembe! Walioufanya ni watu waliosoma. Shangazi alifanya kwa upendo, kwa alichofundishwa. Yeye hakuitwa daktari. Walioitwa madaktari walimfungia bahasha ya uhai wangu wakamwambia kwaheri ya kuonana. Nionyeshe njia nyingine, nami nitaipita.

Njia ikawa kurudi kliniki. Yule daktari mama akasema kuna namna ya kuchukua nyama kidogo bila kulazwa na bila dawa ya usingizi. Akanionyesha kimrija cha plastiki, chembamba kama kile cha wino ndani ya kalamu. Kinapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kinavuta, kinatoka. Sitawaficha, kiliuma! Kiliuma kama siku za usichana wangu zilizokuwa zikinilaza chini, lakini maumivu yenyewe yalikuwa ya muda mfupi tu. Bi. Zuhura alinishika mkono, akanisomea dua zake, nami nikaomba kwa jina la Yesu, na daktari akafanya kazi katikati yetu. Nilivaa viatu nikatoka na miguu yangu. Nikauliza kwa hasira: kumbe inawezekana hivi, na wanawake wanavuja damu mwaka mzima?

Chupa ikapelekwa Dar es Salaam. Tukangoja. Majibu yakaja: nyama iliyopatikana haitoshi kupimwa.

Sasa sikilizeni mambo ya watu wa Mungu. Mume wangu akashukuru akipiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa, mcha Mungu kweli, akaja nyumbani na tabasamu. "Hawakuona kitu, Mama Gwamaka! Jumapili utatoa ushuhuda."

"Baba mzee," nikamwambia, "wamesema haitoshi. Hawakusema hakuna."

"Si ni yale yale? Imani yako iko wapi?"

Yanakuwaje yale yale? Mimi ni mpishi mwenye diploma! Nikipitisha kijiko juu juu kwenye sufuria la maharage nikapata mchuzi mtupu, naweza kuwatangazia wageni kwamba maharage hayapo? Na kama yameungua kule chini, kijiko cha juu kitanusa? Kijiko kikitoka kitupu unashusha upawa! Damu ilikuwa bado inatoka, ndugu zangu. Vitambaa nilikuwa nafua. Halafu nisimame hapa mbele yenu niseme nimepona, kwa sababu karatasi imesema haitoshi? Huo si ushuhuda, huo ni uongo uliovaa kanzu ya kwaya.

Daktari mama aliniunga mkono. Kimrija kile mara nyingi kinatosha, akasema, lakini kinapita bila kuona, na safari nyingine kinakosa. Damu ikiendelea, neno haitoshi maana yake ni tuanze tena. Akapanga nikwanguliwe upya kwenye hospitali ya huko Mbeya ambako naye alikuwa akifanya upasuaji. Tena nyama yote, kila kipande, iende kwenye chupa.

Siku yenyewe nikaamka mapema nikakuta Shangazi ameshafika stendi. Alikuwa amevaa khanga mpya na mkononi amekunja jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Hatukuulizana. Alikaa kiti cha mbele yangu mpaka Mbeya.

Nilipowekwa juu ya machela na kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, tulimkuta amesimama mlangoni, mrefu vile, ameziba njia.

"Leo wamlaze tu," akasema. "Lakini chetu naondoka nacho."

"Bibi, pisha," akasema Bi. Zuhura.

"Wewe wa pwani unajua nini cha ukoo wetu?"

"Cha ukoo wenu sijui. Makaburi nayajua. La mama yangu mdogo nilishika jembe mwenyewe."

Manesi wakasimama. Mmoja alikuwa tayari kukubali, nilimwona machoni, anataka tu kelele ziishe. Ndivyo ilivyotokea mara ya kwanza, ndugu zangu! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni mtu mmoja tu aliyetaka kelele ziishe. Nikajiinua kwenye machela, na gauni lile la hospitali lililo wazi mgongoni, sikujali.

"Shangazi, leo utachagua cha kuzika. Ukiizika nyama hii, utanizika na mimi, na hata siku ya matanga hutaweza kuwaambia watu nimekufa kwa nini. Ukiiacha isafiri, mimi nitabaki. Mimi ndiye wa ukoo! Au siyo mimi?"

Akamtazama daktari mama aliyekuwa ametokea na glovu mkononi. "Na wewe umezaa?"

"Nimezaa, bibi."

"Kondo zako ziko wapi?"

"Mama mkwe alizichukua zote," akasema daktari. "Amezizika nyuma ya nyumba yake. Sikumzuia."

Shangazi akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Nionyeshe hiyo chupa."

Akaletewa. Ilikuwa chupa ndogo ya kawaida, yenye dawa kidogo ndani na jina langu juu. Akaigeuza akiitazama. Halafu akaishika kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akazungumza nayo kwa Kinyakyusa, kama tunavyomuaga kijana anayeondoka kwenda kutafuta maisha mbali. Akamwomba Kyala, Mungu wetu, ailinde njiani. Akaiambia isipotee. Akaiambia ikifika kwa wageni iseme kweli, isione aibu, halafu iturudishie habari. Akamrudishia daktari. Lile jani akalikunja likawa dogo sana, akaliweka kifuani, akapisha.

Mimi nililia pale, na Bi. Zuhura alilia, na nesi yule mpenda kimya naye alifuta macho.

Majibu yakarudi. Ukuta wa kizazi changu ulikuwa umenenepa vibaya, na chembe zake zilikuwa zimeanza kugeuka. Bado haikuwa kansa. Ilikuwa imefika mlangoni, imeinua mkono ibishe hodi! Daktari akasema tukiiacha itaingia. Nikatolewa kizazi, nacho chote kikapimwa, na hakuna kitu kilichokutwa kimetambaa kwenda mbali. Shangazi ndiye aliyeniuguza. Alinipikia ndizi na maharage, akanilisha kama mtoto, na siku ya kwanza niliposimama mwenyewe akasema, "Ndaga fijo, Kyala." Asante sana, Mungu. Basi. Sasa hivi huyo huyo anasimamisha wanawake sokoni, hata asiowajua, anawauliza: "Wewe, umesafishwa? Chupa yako imekwenda?" Wanamkimbia!

Najua mnayoyasema nikipita. Eti Mama Gwamaka sasa ni gunia tupu, eti si mwanamke kamili. Semeni! Gunia tupu linaendesha hoteli, linalipa wafanyakazi wake, na Jumapili linaimba sauti ya kwanza. Ninyi mlitaka gunia lililojaa, lililolala chini ya udongo?

Wengine mnaniuliza niliponywa na nani, na Mungu au na hospitali. Swali la kitoto! Mungu ndiye aliyempa yule mama akili, ndiye aliyemfanya Bi. Zuhura aangalie viganja, ndiye aliyelainisha moyo wa Shangazi pale mlangoni, na hiyo hasira yangu pia yeye ndiye aliyeniwekea, maana mtu mpole angekuwa amekwisha kufa. Namshukuru kwa yote. Na daktari wa kwanza nimemsamehe, lakini nimekwenda ofisini kwake nikamwambia uso kwa uso, mlango ukiwa wazi, na nitakwenda tena nikisikia ametupa ya mwingine.

Sasa nasema na wewe mama. Sikutaji jina. Umekaa hapa umevaa nguo nyeusi na leo si msiba. Damu iliyokoma imerudi, umeambiwa ni ujana, na wewe mwenyewe usiku huamini. Au umesafishwa, ukaambiwa umepona, na hujawahi kuuliza kilichotoka kilikwenda wapi. Hata kama ni tone. Pengine si kitu, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Lakini ijulikane, isibahatishwe! Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, naye hatakasirika ukibeba na chupa.

Kesho Jumatatu napeleka gari Mbeya kuchukua unga na mafuta. Kwenda linakwenda tupu. Njoo alfajiri pale hotelini, usigonge, usijieleze kwa mtu. Panda mbele, ukae karibu na mimi.